Saa Saba Ipi?

Baada ya mkutano wetu wa mwezi uliopita, mwanachama mmoja wa mwaka wa pili alinisubiri mlangoni. Mama yake, anayeishi Arusha, ameambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, naye amepania kuja Johannesburg mwezi Machi kwenye mahafali ya mwanawe mkubwa. Ukoo umegawanyika. Wengine wanasema aje, wengine wanasema mtu anayetetemeka akae nyumbani asije akaaibika njiani. Mwenzetu aliniuliza mimi kwa sababu wengi humu chamani wanajua kwamba ninaishi Bellevue na Baba Mkubwa, na kwamba Desemba iliyopita nilimpeleka Tanga kuozesha binti yake. Nilimjibu kwa dakika tano pale mlangoni. Jibu lile halikutosha, kwa hiyo safu ya leo ni yake.

Jibu la kwanza ni kwamba mama aje. La pili ni kwamba familia yote, wanaomsindikiza na wanaompokea, ikubali kutawaliwa na saa ya dawa. Ndege inaweza kuchelewa, mizigo inaweza kupotea, wageni wanaweza kununa. Kidonge hakisubiri.

Nieleze kidogo, na walimu wa sayansi wanisamehe. Katika ubongo kuna chembe hai zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo ndiyo inayoufanya mwili uanze kwenda na uende bila kukwama. Kwa mgonjwa wa Parkinson chembe hizo hufa polepole. Dawa kuu ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, na kwa kawaida huchanganywa na karbidopa ndani ya kidonge kimoja. Shida ni kwamba nguvu yake haidumu. Kwa mtu aliyeugua miaka kadhaa, kidonge kinaweza kumtosha saa tatu au nne hivi, kisha mwili unaanza kuwa mzito, sauti inafifia, miguu inaganda. Nyumbani hilo halionekani sana, maana siku zinafanana. Ukiwa safarini linaonekana mbele ya foleni nzima.

Baba Mkubwa ni fundi cherehani. Alikuja Johannesburg miaka ya tisini, na kwa muda mrefu alishona karibu na Rockey Street suti za Wakongo, kanzu za Ijumaa na sare za shule. Ugonjwa ulianza kujionyesha katika daftari la vipimo: maandishi yake yalizidi kuwa madogo mpaka yakawa kama sisimizi, na wateja wakawa wanapata mikono ya mashati isiyolingana. Kabla ya hapo alikuwa hasikii tena harufu ya udi, tukadhani ni mafua. Mkono wa kulia ulipoanza kutetemeka, ndipo tulipokwenda hospitali. Hakusafiri kwa miaka minne baada ya kuambiwa jina la ugonjwa. Alisema hana nauli. Nauli alikuwa nayo. Alichoogopa ni kwamba Tanga watasema amerogwa, au kibaya zaidi kwake, kwamba Johannesburg imemfundisha pombe.

Hofu hiyo si ya mtu mmoja. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kati ya watu zaidi ya 161,000, wakapata wagonjwa wa Parkinson 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana nini. Walikuwa wakiishi nao tu, kama uzee au kama laana. Uganda kuna kikundi cha wagonjwa na familia zao kinachoitwa Parkinson's Si Buko. Buko kwa Kiganda ni mkosi unaosemekana kumpata mtu aliyevunja mwiko wa wakwe, nao huambatana na kutetemeka. Jina la kikundi ndilo tangazo lao.

Sasa, maandalizi. Siku ya kwanza tulipokaa mezani kupanga safari, rafiki mmoja wa Baba Mkubwa alishauri basi, kwa sababu ya gharama. Njia iliyozoeleka hupita Beitbridge, Harare, Chirundu, Lusaka na Tunduma, na ni siku kadhaa. Sisemi haiwezekani. Lakini hesabuni: mipaka mitatu, na kila mpaka ni kushuka, kupanga foleni, kubeba mzigo na kupanda tena, usiku au mchana, bila kujua utakaa muda gani. Kwa mtu ambaye haraka ndiyo inayomgandisha, mimi nisingeshauri. Tulichangishana, tukakata tiketi ya ndege hadi Dar es Salaam, ambako ni saa tatu na nusu hivi, tukachagua ya mchana. Ya alfajiri ilikuwa rahisi zaidi, lakini ingetulazimu kutoka Bellevue usiku wa manane, wakati ambapo Baba Mkubwa hata kitanda hawezi kukiacha bila msaada.

Dawa zote zilikwenda kwenye mkoba wa mkononi. Zote. Sanduku likipotea, mtu anaweza kuishi bila kanzu, lakini levodopa haikatizwi ghafla. Kuikatiza ni hatari ya kumfikisha mtu hospitali. Tulichukua za siku zote za safari na za wiki mbili zaidi, zikiwa katika makopo yake yenye jina la mgonjwa, pamoja na barua ya daktari. Muombeni daktari aandike jina la dawa yenyewe, si la kampuni tu, maana boksi la Johannesburg halifanani na boksi la Dar. Na aandike kwa maandishi yanayosomeka.

Katika mfuko wa shati la Baba Mkubwa tuliweka karatasi ya pili, ndogo, yenye dawa ambazo asipewe. Hii ndiyo watu wengi hawaijui. Mtu akitapika njiani, duka la dawa linaweza kumuuzia metoklopramidi, ambayo kwa wengine ni dawa nzuri tu. Kwa mgonjwa wa Parkinson inazuia dopamini ile ile tunayoitafuta, na inaweza kumfanya akakamae zaidi. Prokloperazini ni vivyo hivyo, na haloperidoli, ambayo hutolewa hospitalini mgonjwa akichanganyikiwa. Ipo dawa nyingine ya kichefuchefu ambayo daktari anaweza kuikubali. Muulizeni kabla ya kuondoka, na kwa wanaokwenda pwani muulizeni pia kuhusu kinga ya malaria. Karatasi hiyo ilitusaidia Segera, kwenye basi la kwenda Tanga, joto lilipomchafua tumbo na abiria mwenye huruma akatoa kidonge mfukoni mwake.

Kiti cha magurudumu kilituletea ugomvi wetu wa kwanza. Shirika la ndege huombwa mapema, wakati wa kukata tiketi au angalau siku mbili kabla, nami nilikiomba bila kumwambia. Tulipofika uwanja wa O. R. Tambo na kijana akaja nacho, Baba Mkubwa alinitazama.

"Mwanangu, mimi kiwete?"

"Hapana, Baba Mkubwa. Ni kwa ajili ya foleni tu."

"Basi ungeniuliza."

Alikuwa sahihi, ningemuuliza. Alikaa hatimaye, akiweka mkoba magotini kama mtu anayemlindia mwenziwe kiti. Ukweli ni kwamba faida kubwa ya kile kiti si kupumzisha miguu. Anayekisukuma anajua milango ya pembeni, na hakuna anayekukemea ufanye haraka kuvua mkanda na viatu kwenye mashine ya ukaguzi.

Kuganda kunahitaji maelezo, kwa sababu walio karibu na mgonjwa hulikosea. Mtu anatembea vizuri, anafika kwenye mlango mwembamba, mlango wa ndege kwa mfano, na miguu inagoma kana kwamba imegundishwa sakafuni. Mtu huyo huyo akipewa ngazi anaweza kupanda bila tabu, ndipo watu wanaposema anajifanya. Hajifanyi. Ngazi zinampa mstari wa kuuvuka, sakafu tupu haimpi. Msimvute mkono, ataanguka. Msimpigie kelele. Mwambieni asimame, avute pumzi, ahamishe uzito kutoka mguu huu kwenda ule, kisha avuke kitu: mstari wa vigae, fimbo, au mguu wako uliouweka mbele yake. Wengine huhesabu kwa sauti. Baba Mkubwa ana njia yake, ananong'ona mlio wa cherehani ya kukanyaga, ile ya zamani, halafu anaondoka nao kwa mwendo huo huo. Mhudumu wa ndege alidhani anasoma dua.

Nikirudi kwenye kadi. Kabla ya safari niliwaomba wenzangu chamani wanisaidie kuandika kadi ya Kiswahili ya kuonyesha watu njiani, na wale waliokuwapo wanakumbuka jinsi tulivyokwama kwenye jina. Mmoja alitaka "ugonjwa wa kutetemeka". Mwalimu wetu akasema homa nayo inatetemesha, na wapo wagonjwa wa Parkinson ambao hawatetemeki kabisa, wanakakamaa tu. Mwingine akapendekeza "kupooza", ambako watu wangefikiri ni kiharusi. James Parkinson mwenyewe, daktari wa London aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817, aliuita kupooza kwa kutetemeka, na jina hilo lilikosea pande zote mbili. Tuliacha Parkinson kama ilivyo. Kadi ilisomeka hivi:

"Nina ugonjwa wa Parkinson. Ninatembea na kuzungumza polepole. Sijalewa. Nikisimama ghafla usinivute, nipe muda. Dawa zangu zimo katika mkoba huu na lazima nizimeze kwa saa zake."

Neno "sijalewa" ni la Baba Mkubwa mwenyewe. Sisi tulikuwa tumeandika "naomba uvumilivu wako". Aliisoma akasema uvumilivu watampa au hawatampa, lakini hilo la ulevi lazima likanushwe. Stendi ya Magufuli pale Mbezi, konda aliyekuwa ameanza kumcheka aliisoma, akaenda kumtafutia kiti cha mbele, cha njiani, karibu na mlango. Hakuomba radhi kwa maneno, ila njia nzima alikuwa akigeuka kuuliza kama mzee anataka maji.

Kuhusu maji: wazee wetu huacha kunywa siku ya safari ili wasiisumbue basi kusimama. Kwa mgonjwa huyu ni kosa. Choo kigumu ni sehemu ya ugonjwa, na shinikizo la damu hushuka anapoinuka ghafla, hasa kwenye joto. Asipokunywa maji vyote viwili huzidi. Mwambieni konda mapema kwamba mtahitaji kusimama. Na akifika akae kidogo ukingoni mwa kiti kabla ya kuinuka.

Sasa nifike kwenye kosa langu, ambalo ndilo lililonipa kichwa cha habari.

Baba Mkubwa humeza kidonge mara nne kwa siku. Maelezo ya hospitali yanasema 7, 11, 3 na 7. Siku ya ndege nilipuuza saa za nchi, nikahesabu nafasi tu, saa nne baada ya saa nne, kwa kuwa Dar iko saa moja mbele ya Johannesburg. Kesho yake tukahamia saa za Tanzania. Hapo nilifanya vizuri. Tulipofika Tanga nikanakili ratiba kwa kalamu nyekundu, nikaibandika kwenye kabati la jikoni kwa Shangazi: 7, 11, 3, 7. Asubuhi iliyofuata nilitoka mapema kwenda kushughulikia maturubai.

Shangazi ni mtu makini kuliko mimi. Alisoma 7 akasema saa saba. Saa saba ni mchana. Akasoma 11, saa kumi na moja, jioni. Tatu ni saa tatu usiku, na 7 ya mwisho akaishangaa, saa saba usiku, lakini akasema dawa za kizungu zina mambo yake, akatega simu imuamshe. Niliporudi karibu saa tano, Baba Mkubwa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda tangu alfajiri, kanzu nusu imevaliwa, hawezi kusimama, hawezi kuita. Sauti yake ilikuwa kama mtu anayeongea ndani ya mto. Shangazi alikuwa akilia jikoni, akidhani ni kiharusi.

Mnajua kila Jumamosi ninafanya nini katika chama hiki. Ninawafundisha wanafunzi wapya kwamba saa ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza, na kwamba saba ya ukutani ni saa moja. Nina hata saa ya kadibodi niliyoitengeneza mwenyewe.

Alimeza kidonge, na baada ya dakika arobaini hivi akaweza kusimama. Nikang'oa karatasi, nikaandika upya kwa maneno: saa moja asubuhi, baada ya chai. Saa tano, kabla ya chakula cha mchana. Saa tisa, kabla ya Alasiri. Saa moja usiku, baada ya Magharibi. Tarakimu hata moja sikuweka. Kwa hiyo wewe ambaye mama yako anakuja kwetu, fanya kinyume chake: mwandikie kwa Kiswahili, na wenyeji wa hapa watakaomsaidia uwaandikie kwa saa zao, karatasi mbili, na usimwachie mtu yeyote kazi ya kutafsiri.

Chakula nacho ni saa. Nyama, maharage, mayai na maziwa hugombania njia moja na levodopa kuingia mwilini, hivyo kidonge humezwa nusu saa kabla ya kula, au saa moja na zaidi baada ya kula. Jambo dogo, lakini mgeni aliyetoka Afrika Kusini baada ya miaka minne anaingia nyumba tano kwa siku moja, na kila nyumba ina sahani. Kukataa ni matusi. Tulikubaliana aseme, "Nifungieni, nitakula nikimaliza dawa," na hakuna aliyenuna, kwa sababu hakukataa chakula. Tulirudi kila jioni na vyombo vya watu.

Mzee mmoja huko alituuliza kuhusu upupu, maana alisikia kwamba mbegu zake zina dawa hii. Ni kweli, mbegu za upupu zina levodopa, na watafiti wamezipima kwa wagonjwa. Lakini kipimo cha mbegu moja si cha nyingine, na kuongeza upupu juu ya vidonge ni kuongeza dozi bila kujua kiasi gani. Baba Mkubwa alisema upupu anaoujua yeye ni wa kuwapaka watoto watukutu shuleni, akaishia hapo.

Ndoa ilipangwa baada ya sala ya Alasiri. Walii ashike mkono wa bwana harusi na atamke maneno ya kuozesha, yasikike na mashahidi. Angeweza kumwakilisha shehe, wengi hufanya hivyo, na ndugu walimshauri hivyo kwa upole kila siku. Hakutaka. Daktari alikuwa ameturuhusu kusogeza kidonge kimoja kwa nusu saa, si zaidi, na hilo tulilihifadhi kwa siku ile. Saa nane na nusu nikaanza kuwapigia simu upande wa bwana harusi. Wakasema wako njiani. Sisi sote tunajua "tuko njiani" maana yake mtu bado anatafuta soksi. Nilingoja hadi saa tisa na nusu, nikampa.

Walifika saa kumi na moja na ushee. Nilikuwa nimekaa nyuma yake nikitazama bega la kulia, ambalo huwa la kwanza kuonyesha dawa inaisha, na lilikuwa limeanza. Shehe alisogeza mkeka karibu, akaomba feni izimwe. Bwana harusi, kijana mrefu wa Pangani ambaye hakuna aliyemweleza lolote, alipokea mkono ule unaotetemeka, akaufunika kwa mkono wake wa pili pia. Baba Mkubwa alinyamaza kwa muda ambao mimi niliuona mrefu sana. Midomo ilikuwa ikienda bila sauti, nikajua ni cherehani. Halafu akasema maneno yote, polepole, na mashahidi wa mbele wakaitikia kwamba wamesikia.

Kadi nimeiacha katika sanduku la chama, nakala thelathini, pamoja na orodha ya dawa zisizotakiwa, ambayo mumwonyeshe daktari wenu aisahihishe kulingana na mgonjwa wenu. Mimi si daktari. Mama wa mwenzetu anatarajiwa wiki ya pili ya Machi. Mwenye gari na nafasi ya kwenda uwanja wa ndege mchana aniambie, maana tunatafuta gari lenye mlango mpana.